Kebo ya 1858 Ilikufa Kabla ya Kuzamishwa

Kebo ya kwanza ya telegrafu kuvuka Atlantiki ilizungumza Agosti 1858, ikanyamaza ndani ya wiki chache. Lawama mpaka leo hubebeshwa Wildman Whitehouse, fundi mkuu wa umeme wa kampuni ya kebo hiyo, aliyeipiga kwa koili za volti zipatazo 2,000. Alikosea, sikatai. Ila alichofanya ni kummalizia mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye kihami, yaani ngozi inayozuia umeme usivuje kutoka kwenye waya.

Kihami hicho kilikuwa gutapecha, utomvu wa miti ya rasi ya Malaya, Malesia ya leo. Si mpira: hauvutiki sana, lakini ndani ya maji ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi hulainika ukafinyangika, na ukipoa hukaza. Kwa tabia hiyo Werner Siemens aliweza kuukamulia juu ya waya kwa mashine bila kuacha mshono. Kwenye baridi na giza la bahari hudumu miaka mingi. Hewani na juani hukauka, ukapasuka.

Sasa, sehemu ya kebo ile iliachwa juani kabla ya safari. Gutapecha ikalainika, waya wa shaba wa ndani ukazama kwa uzito wake ukasogea pembeni. Upande mmoja ukabaki na ngozi nyembamba, na volti kubwa hupenya palepale. Maji ya chumvi yakishafika kwenye shaba, mkondo chanya huanza kuila.

Kipimo kingemkamata mgonjwa mapema, lakini kwa masharti. Kebo kavu yenye tundu hupima vizuri kabisa, kwa hiyo baadaye ikawa kanuni kuiloweka saa 24 katika maji ya nyuzi 24 ndipo ipimwe. Joto lenyewe lilipangwa kwa sababu ukinzani wa gutapecha, yaani nguvu yake ya kuzuia umeme, huporomoka likipanda. Namba ya mchana wa joto na ya usiku wa baridi hazilinganishiki.

Kebo ya 1866, iliyovuka Atlantiki baada ya ile ya 1858, ilipata gutapecha kilo 181 kwa kila maili ya baharini, badala ya 118, na shaba kilo 136 badala ya 48. Tabaka zake zilipishanishwa na gundi ya Chatterton: gutapecha mafungu matatu, ulimbo fungu moja, lami ya mti fungu moja. Tundu la tabaka moja likazibwa na la pili.

Gutapecha hiyohiyo ndiyo iliyovikwa kebo iliyofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879.