Si Unabadilisha Jina Tu?

Mtu akiingia kwenye steshenari yangu na kuanza na "bosi, kazi yenyewe ndogo tu", najua siku imeshaharibika. Kazi ndogo haina mwisho. Anakuja na mkataba wa pango wa jirani yake, kaupiga picha kwa simu, kidole gumba kimefunika kifungu cha nne, na yeye anataka wake uwe vilevile. Nikimtajia elfu tatu anaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Elfu tatu ya nini, bosi? Si unabadilisha jina tu?"

Badilisha jina tu. Nikifa watayaandika hayo kwenye kaburi langu, na msimamizi wa mazishi ataomba punguzo kwa fundi, maana la pembeni lilishaandikwa, si anabadilisha jina tu.

Kwa miaka mingi nilifanya hivyohivyo wanavyotaka. Unafungua kazi ya zamani, unafuta la zamani, unaweka jipya, unaprinti. Tatizo, ya zamani hayafutiki yote. Kuna dereva wa lori, mtu wa mwili wake, nilimwandikia barua. Juu nimeweka vizuri kabisa, YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDEREVA. Kwenye aya ya pili inasema ana uzoefu wa miaka mitano wa kusuka nywele, hasa rasta na twende kilioni. Alirudi nayo imekunjwa mara nne. Sitaki kueleza alivyoikunjua. Sehemu pekee isiyokuwa na kosa ni ile ya "tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu". Hiyo nchi nzima tunaitumia, hakuna anayejua nani aliianza, na sijaona mtu aliyewahi kuhusika.

Lakini kilichonitoa jasho ni kadi za mchango.

Nilikuwa na kadi ya harusi ya kijana mmoja, Ali. Nzuri, maneno yamepangika. Ikaja familia nyingine, bwana harusi wao Zuberi, wakasema wanataka kama ile. Nikasema leo sihangaiki. Word ina sehemu ya kutafuta neno na kubadilisha lote kwa mpigo. Nikaiambia tafuta Ali, weka Zuberi, badilisha zote. Ikanijibu imebadilisha sehemu nane. Jina lilikuwemo mara mbili tu. Nikajisemea, aah, mashine inaona mbali kuliko mimi. Nikaprinti kadi themanini, karatasi ngumu ile ya kung'aa, wino wa rangi, gharama zangu.

Mama mzazi akaja kuchukua. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, duka limejaa:

"Familia inapenda kukuZuberika kushiriki kwa hZuberi na mZuberi..."

Nikahisi baridi mgongoni. Mama haachi. Akafika "TafadhZuberi wasilisha mchango wako mapema". Akapita "mahZuberi pa kukutania". Akamalizia na ukumbi, ambao bahati mbaya uko jirani na ofisi ya serikZuberi ya mtaa. Akavua miwani, akanitazama kwa upole, upole ule unaouma kuliko tusi. "Baba, huyu mwanangu kaingiaje mpaka serikalini?"

Kadi themanini. Mpaka leo wanangu wanachorea nyuma yake.

Ndipo mpwa wangu, yupo chuo mwaka wa pili, akaniambia, "Mjomba, kuna kisanduku pale unatiki ili itafute neno zima peke yake." Kisanduku hicho kimekuwepo miaka yote hiyo! Nimekaa nacho kwenye kioo kimoja kama mpangaji asiyesalimia. Akaendelea, "Ila dawa yenyewe ni templeti." Mwenyewe akasema Kiswahili sanifu ni kiolezo. Mimi naita ile ya kujaza. Unaandika barua mara moja, kila penye jina unatoa jina, unaweka nafasi yenye mabano ya pembe, «JINA», «MTAA», «KODI». Halafu majina yote unayapanga kwenye Excel, safu kwa safu, kompyuta inajaza yenyewe. Nikasema hapo sawa, nitakuwa nakaa nje nakunywa kahawa na kashata, pesa inaingia.

Tukaanza na mkataba wa mauziano. Mpwa akaandika, "Muuzaji amemuuzia mnunuzi «MALI» yake iliyopo «MTAA»." Mteja wa kwanza kauza nyumba, ikatoka kama maji. Wa pili kauza kiwanja. Ikatoka "kiwanja yake iliyopo Chamazi". Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mwalimu mstaafu, tena wa Kiswahili, muhuri ukabaki hewani. "Kiwanja yake? Wewe umeanza lini kuongea hivi?"

Tukaongeza nafasi ya yake au chake. Ikafuata iliyopo, kilichopo, lililopo. Ikafuata imepimwa, kimepimwa, limepimwa. Akija mtu na mashamba mawili, kila kitu kinahama tena: mashamba yake yaliyopo yamepimwa. Mwisho nafasi za kujaza zikawa nyingi kuliko maneno, mkataba umekaa kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Mpwa anajikuna kichwa. "Kwa Kiingereza hii shida haipo, Mjomba." Nikamwambia basi nenda ukamuuzie Mwingereza kiwanja Chamazi.

Nikaitatua mwenyewe. Kila mahali nikaweka "mali iliyotajwa hapo juu". Mali inakubali kila kitu: mali iliyopo, mali iliyopimwa, mali isiyo na mgogoro. Nadhani ndiyo maana mawakili nao mali haiwatoki mdomoni. Tunadhani ni usomi, kumbe wanakimbia ngeli.

Nikalala usingizi wiki nzima. Akaja bwana mmoja kauza mbuzi. Mbuzi dume, mmoja, na walikuwa wanataka maandishi kwa sababu muuzaji na mnunuzi ni mashemeji na mashemeji wana yao. Nikaandika MBUZI kwenye nafasi yake, nikaprinti, wakasaini mpaka mashahidi. Jioni wakarudi wote wanne. Kwa mujibu wa mkataba wangu, mbuzi yule ni mali isiyohamishika, kaskazini anapakana na barabara, kusini anapakana na familia ya muuzaji.

Excel nayo usiniulize. Ukiandika namba ya simu inakula sifuri ya mbele, bila kubisha hodi. Namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, Excel inashika kumi na tano, tano za mwisho inakuwekea sifuri na kukaa kimya. Nimewahi kutoa barua kumi na mbili za wapangaji wa nyumba moja, wote NIDA zao zinaishia sifuri sifuri sifuri, kama wamezaliwa na mashine. Unatakiwa uiambie mapema kwamba safu hiyo ni maandishi, kabla hujaandika. Ukishaandika umechelewa, zilizokufa zimekufa.

Sasa juzi ikaja tena harusi. Nikasema hii ndiyo ya kujisafishia jina. Templeti safi, nimeisoma mara tatu, nimemsomesha na mke wangu. "Mpendwa «JINA»", chini kabisa «IDADI», yaani Single au Double, aje peke yake au wawili. Nikamwomba mweka hazina wa kamati aniletee orodha ya majina. Mama mmoja ana haraka zake, akasema hana muda wa kuandika upya, akayatoa kwenye simu yake yalivyo, akanitumia WhatsApp. Majina 150. Nikayamimina kwenye Excel, nikabonyeza, mashine ikaanza kutema kadi.

Nikachukua ya kwanza. "Mpendwa Mama Mkaa." Sawa, anajulikana hivyo. Ya pili, "Mpendwa Fundi Bomba Mbagala". Nayo sawa. Ya tano, "Mpendwa Usipokee Anadai". Nikaita mpwa aje aone. Tukacheka. "Mpendwa Baba Mwenye Nyumba Namba Mpya." "Mpendwa Jirani Kuku." "Mpendwa Shangazi Maneno," Double, na kweli huyo hata mbili hazimtoshi. Mpwa kakaa chini, machozi yanamtoka, anashika mbavu. Mimi naegemea mashine, nasoma kwa sauti ya mshereheshaji, moja baada ya nyingine, wateja wanasubiri hawajui kuna nini.

Ilipofika ya themanini na kitu mpwa akainyakua yeye. Akafungua mdomo asome, akaufunga. Akaiweka mezani imegeuka chini, akasema anaenda kununua maji.

Nikaigeuza.

"Mpendwa Steshenari Mwizi wa Mbagala."

Nikaangalia chini. Single. Na mke ninaye.