Zahanati ipimwe mgonjwa akishafika nyumbani

Juzi kwenye mkutano wa kijiji tumetangaziwa kwamba zahanati yetu inajiandaa kukaguliwa, hivyo kila kaya itoe mtu wa kufyeka majani, kupaka chokaa na kuchimba shimo jipya la taka. Nitakwenda kufyeka, sina ubishi na hilo. Kilichoniuma ni kwamba mkutano mzima, toka saa nne hadi adhuhuri, hakuna aliyesema neno juu ya mgonjwa anavyosikilizwa akishaingia kwa dokta.

Habari ya nyota za ukaguzi tunaijua. Mwaka 2015, enzi za Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa kuharakisha maendeleo, serikali ya Tanzania ilianza kuzipa zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya nyota kuanzia sifuri hadi tano, na katika awamu ile ya kwanza karibu thuluthi moja ya vituo nchini viliambulia sifuri. Zoezi lile lilisaidia, nakubali. Leo kuna vituo vyenye vyoo vinavyofungika na maji ya kunawa kwa sababu mkaguzi aliuliza. Lakini mama mdogo wangu hakudhurika kwa kukosa choo.

Ana presha. Alikwenda zahanati, akarudi na bahasha mbili ndogo za dawa, moja imeandikwa 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku, nyingine 2x3, yaani viwili mara tatu. Nilipofika kumjulia hali nilimkuta amelala ukumbini, kichwa kinazunguka, miguu imevimba hadi viatu havivaliki. Nikamuuliza dawa anazimezaje. Akasema ameambiwa mara tatu. Zipi mara tatu? Zote. Kidonge cha presha ambacho ni kimoja kwa siku, yeye alikuwa akimeza asubuhi, mchana na usiku. Mama mdogo huyu msahafu anausoma bila kusita, ila tarakimu zile zilizoandikwa harakaharaka kwa kalamu inayofifia hakuzielewa, wala dirishani hakuna aliyemwambia, "Bibi, hebu nirudishie nilivyokueleza." Nikamuuliza kwa nini hakuuliza. "Mwanangu, nyuma yangu watu wamejaa, na dokta keshasema. Nimuulize nini tena?"

Hapo ndipo penye ubora wa huduma au ubovu wake. Siku ile kwenye kitabu cha zahanati aliandikwa mgonjwa aliyepimwa, akapata jina la ugonjwa na dawa sahihi. Mkaguzi akifungua ukurasa ule ataridhika, na dawa kweli ilikuwepo, jambo ambalo miaka ya nyuma tungelishukuru sana. Ila huduma ilikatikia dirishani. Sehemu iliyobaki, ile ya mtu kujua anaumwa nini, ameze nini, lini, na akiona dalili gani arudi mbio, haikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba imekosekana.

Mtasema wagonjwa huulizwa maoni. Huulizwa, lakini huulizwa wapi? Pale pale kwenye benchi, nesi anapita na trei yake. Nani atasema vibaya? Nesi yule ndiye atakayempokea binti yako siku ya uchungu, na mnateka maji bomba moja. Basi kila mtu anajibu nzuri, tunashukuru. Na sanduku la maoni limetundikwa ubavuni mwa dirisha la dawa, mbele ya macho ya wote. Mimi sijamwona mzee yeyote akitumbukiza karatasi humo.

Na kusikilizwa kwenyewe ni tiba. Jirani yangu alikohoa msimu mzima wa kupulizia mikorosho, akapewa dawa za kuua vijidudu, zikaisha, akapewa nyingine. Huku kwetu mwanamume akija na kikohozi mwezi wa saba, swali la kwanza si lingekuwa kama anabeba mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, na kama anajifunga kitambaa usoni? Hakuulizwa. Ni swali la nusu dakika.

Najua tabibu wetu yuko peke yake siku nyingi. Anatibu, anajaza vitabu, usiku anagongewa mlango, na msimu wa malaria foleni inafika hadi chini ya mwembe. Simlaumu kwa uchovu. Serikali ilete watumishi, hilo halina mjadala. Lakini kumwambia mgonjwa arudie maelezo ya dawa hakuhitaji jengo jipya wala mashine, na uhaba wa watumishi haumzuii mtu kuandika kwa maneno "kimoja, asubuhi tu".

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati yetu ya zahanati, ambayo wananchi tumo. Kila mwezi ichague wagonjwa wachache kutoka kitabuni, wale watakaoridhia, iwatume watu wawili wasio wa zahanati wawafuate majumbani. Wasiende na karatasi ndefu. Waketi mkekani, wasalimie, waombe kuonyeshwa bahasha za dawa, kisha waulize: umeambiwa unaumwa nini, na hizi unazimezaje? Majibu yaletwe kwa mganga mfawidhi bila majina, na idadi ya waliojibu sawasawa isomwe kwenye mkutano wa kijiji kama tunavyosomewa mapato na matumizi. Wakaguzi wakija, waonyeshwe na daftari hilo.

Mama mdogo amepata nafuu. Tulimrudisha, akabadilishiwa maelekezo, na safari hii nilisimama naye dirishani hadi akayarudia yote mwenyewe. Nesi alitusubiri vizuri tu, tena kwa upole. Foleni nyuma yetu ilinung'unika kidogo, halafu bibi mmoja aliyekuwa akitufuata akasogeza bahasha zake akasema, "Na mimi nielezee hivyo hivyo."

Hoja hii nitaisimamisha mkutano ujao. Wenzangu wa Nanyamba, Tandahimba, Mchinga, na kwenu kamati zipo. Zisukumeni.