Login haitoki kwenye seriali? Anza na waya, faili lisubiri

Kuna tabia moja ya mafundi wa Linux inayonikera. Konsoli ya seriali (njia ya kuiamuru seva kwa kebo, bila mtandao) ikigoma, mtu hajaigusa hata kebo, tayari ameshafungua faili la GRUB, programu inayowasha Linux, kabandika mstari alioukuta mtandaoni, kawasha seva upya, kisha kabandika mwingine. Saa nzima ikipita ameshabadilisha vitu vinne na hajui kipi kimeleta nini. Na poti yenyewe ilikuwa inamwambia tatizo liko wapi tangu mwanzo. Seriali haina anwani wala usimbaji fiche, haina mazungumzo marefu ya kukubaliana. Ikikataa, inakataa kwa namna chache tu, na kila namna ina alama yake.

Tuchukue hali ya kawaida: seva ya Linux yenye ttyS0, yaani poti yake ya kwanza ya seriali, na upande wa pili laptopu yenye adapta ya USB na programu ya minicom au screen.

Alama ya kwanza ni ukimya. Unabonyeza Enter, hakuna kitu. Hapo mimi sigusi kibodi tena, nachukua multimita. Katika RS-232, kiwango cha umeme cha poti hizi, waya wa kutuma ukipumzika hukaa kwenye volti hasi, kwa kawaida kati ya -5 na -12. Kiwango chenyewe kinaruhusu kuanzia -3 hadi -15. Kwenye kichwa cha pini 9 cha kompyuta, pini 5 ni ardhi, pini 3 inatuma, pini 2 inapokea. Pima kati ya 5 na 2 kwenye ncha ya kebo inayoingia kwako, huku ncha ya pili ikiwa kwenye seva. Usipoona volti hasi, hakuna anayezungumza nawe, na hata ukiandika upya faili zote za mfumo hutabadilisha chochote. Mara nyingi utakuta kebo ni nyoofu, 3 kwa 3, wakati kompyuta mbili zinahitaji kebo inayopishanisha 2 na 3. Umbo la kichwa halikuambii lolote. Hata vile vya RJ45, kama vya kebo ya mtandao, viko hivyo: kebo ya bluu ya Cisco inaingia vizuri tu kwenye vifaa vya kampuni nyingine ambavyo pini zake zimepangwa kivingine kabisa.

Adapta nayo ipime kwa kuunganisha pini 2 na 3 na kipande cha waya. Andika herufi; zikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima. Zisiporudi, umeokoa jioni yako. (Mwenye Raspberry Pi awe makini: pini zake za seriali ni za volti 3.3. Ukichomeka RS-232 halisi pale, hutakuwa na tatizo la login tena, utakuwa na tatizo la kununua bodi.)

Kama unaweza kuingia kwenye seva kwa njia nyingine, kuna faili ambalo wengi hawalifungui: /proc/tty/driver/serial. Lisome ukiwa root, msimamizi mkuu. Utaona mstari wa namna hii:

0: uart:16550A port:000003F8 irq:4 tx:412 rx:0 RTS|DTR

Mstari huu mmoja ni hadithi nzima. Seva imetuma baiti 412, haijapokea hata moja, na mwishoni hakuna CD, maana yake haioni DCD, ishara ya kuwa upande wa pili umeunganishwa. Andika herufi kadhaa kwenye laptopu, usome tena. rx ikibaki sifuri, waya wa kupokea umekatika au umeingia pini isiyo yake. Ikitokea fe na namba yake inapanda, hayo ni makosa ya fremu: herufi zinafika, lakini kasi au mpangilio wa biti haulingani.

CD ndiyo inayowatesa watu kuliko yote. Zamani ncha ya pili ilikuwa modemu, na getty (programu inayosikiliza poti na kuuliza jina la kuingia) haikuwa na sababu ya kuandika login: kabla simu haijapokelewa. Kwa hiyo poti isipowekwa clocal, mpangilio wa kupuuza ishara za modemu, programu ikijaribu kuifungua inalala hadi ishara ya DCD ipande. Kebo yako ya nyaya tatu, 2, 3 na 5, haina waya wa DCD, kwa hiyo italala hadi kiama. Ukiangalia michakato, getty ipo. Hakuna kosa kwenye logi. Kila kitu kimya na kila kitu sahihi. Dawa ni mbili: uiambie agetty, getty ya Linux, ipuuze DCD kwa -L, kama mstari maarufu wa Debian uliokuwa kwenye inittab, faili la zamani la kuanzisha huduma, T0:23:respawn:/sbin/getty -L ttyS0 9600 vt100, au utumie kebo kamili inayounganisha DTR (ishara ya "niko tayari") ya upande mmoja na DCD ya mwingine. FreeBSD ina jina kabisa la hali hii kwenye /etc/ttys: 3wire. Nitarudi kwenye hizo dawa mbili, maana hazilingani.

Alama ya pili ni takataka. Hapa watu wanajaribu kasi moja baada ya nyingine kwa bahati nasibu, wakati takataka zenyewe zinasomeka. Zikiwa fujo tupu, hakuna herufi unayoitambua, hiyo ni kasi: huyu yuko 115200, yule 9600. Lakini ukiona l na o ziko sawa, g imeharibika, i sawa, n imeharibika, nukta mbili sawa, kasi yako ni sahihi na kosa ni pariti, biti ya ziada ya kukagua makosa. Anayetuma anatumia biti 7 na pariti shufwa, wewe unasoma biti 8 bila pariti. Hesabu mwenyewe: l ina biti nne za 1, o ina sita, i ina nne, zote shufwa, zinapita salama. g na n zina tano kila moja, kwa hiyo biti ya nane inawashwa na herufi inageuka kitu kingine. Neno hilo moja la login linatosha kupima pariti bila kifaa chochote.

Kuna takataka zinazokuja baadaye, jana ilikuwa safi leo fujo. Hapo shuku ishara ya Break, waya ukishikiliwa katika hali ya 0 kwa muda mrefu kuliko herufi moja. Huduma ya serial-getty ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, hupewa orodha ya kasi, 115200, 57600, 38400, 9600, na agetty ikipokea Break inahamia kasi inayofuata. Kuchomoa kebo au kuzima kifaa cha upande wa pili kunaweza kusomeka kama Break. Waliofanya kazi na seva za Sun wanaijua kwa uchungu zaidi: kuzima terminali kungeweza kuisimamisha mashine nzima kwenye alama ya ok, hadi mtu aandike go.

login: ikitokea lakini kibodi imekufa, usilaumu nywila. minicom huja na udhibiti wa mtiririko wa maunzi ukiwa umewashwa, na kwa nyaya tatu inangoja CTS, ishara ya ruhusa ya kutuma, isiyokuja. Uzime kwenye mipangilio yake. Kama skrini imeganda katikati ya kazi, bonyeza Ctrl-Q. Huenda kidole kilipita kwenye Ctrl-S. Na kama nusu ya herufi zinapotea, piga fuser -v /dev/ttyS0 uone nani mwingine anasoma poti hiyo hiyo. ModemManager, programu inayosimamia modemu, hasa matoleo yake ya zamani, ina mazoea ya kuchungulia poti na kutupa amri za modemu humo.

Root akikataliwa na nywila ni sahihi, na mfumo ni wa zamani kidogo, angalia kama ttyS0 imo kwenye /etc/securetty, orodha ya poti ambazo root anaruhusiwa kuingilia. Hilo ni la dakika moja.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya kale, siku hizi seva zina usimamizi wa mbali. Huo usimamizi wa mbali, IPMI, unapotoa konsoli kwa mtandao ni seriali hiyo hiyo, mara nyingi ttyS1, na bila console=ttyS1,115200n8 kwenye mstari wa kerneli na getty inayosikiliza, utaangalia skrini nyeusi vile vile. Amazon nao walileta konsoli ya seriali ya EC2, seva zao za kukodi, mwaka 2021. Wasingehangaika kama mtandao ungekuwa haukatiki.

Sasa zile dawa mbili. Mtandaoni kila mtu anakupa -L, na mezani kwako haina neno. Kwenye chumba cha seva kinachoingiwa na watu wengi siipendi. Ukishaiambia poti ipuuze DCD, haijui tena kebo imechomolewa lini. Fundi anaingia kama root, anachomoa kebo, anakwenda zake bila exit. Anayechomeka baada yake, awe nani, anakuta alama ya #, ya root, inamngoja. Kebo kamili ingeshusha DCD na kikao kingekatwa hapo hapo. Tofauti ya bei kati ya kebo ya nyaya tatu na ya nyaya saba ni ndogo mno kuilinganisha na hilo. Kama kebo kamili haipatikani, au unatumia RJ45 isiyo na waya wa DCD, basi angalau weka TMOUT=300 kwenye profaili ya root, bash ijifunge yenyewe baada ya dakika tano za kukaa bure.