Pumu, saitokini na inhela ya bluu

Mama mmoja anayeuza roleksi, chapati ya kuviringishia mayai, jirani na kwetu, Kisenyi, Kampala, huitikisa inhela yake ya bluu sikioni kabla ya kuvuta, asikie kama bado ina kitu. Akivuta mara mbili kifua hufunguka, anarudi kwenye sigiri. Jioni haijafika, mluzi umerudi. Ukimwuliza, atakuambia dawa za siku hizi ni hafifu.

Dawa si hafifu. Salbutamoli iliyomo kwenye inhela hiyo hulegeza misuli inayobana njia za hewa, basi. Uvimbe wenyewe wa njia hizo haiugusi. Uvimbe huo huchochewa na saitokini, protini ndogo ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo. Moshi au vumbi likichubua utando wa njia za hewa, utando hutoa protini za kupiga mbiu, TSLP na interlukini-33. Seli za kinga zikisikia, humwaga saitokini nyingine, interlukini 4, 5 na 13. Ya 4 huusukuma mwili kutengeneza kingamwili za mzio, IgE, ya 5 hulea eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, na ya 13 huzidisha makohozi. Hali hiyo ikidumu miaka, kuta za njia za hewa hunenepa na kuingia makovu.

Wanaotaka tuzichunguze protini hizi na kuzizuia moja moja wana hoja. Mepolizumabu, sindano inayozuia interlukini-5, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015; tezepelumabu, inayozuia TSLP, mwaka 2021. Wenye pumu kali wanaofaa hupungukiwa na mashambulizi. Neno ni hilo, "wanaofaa". Majaribio ya mwanzo ya mepolizumabu yalishusha eosinofili, dalili zikabaki palepale. Ni mwaka 2009, ilipopewa waliochaguliwa kwa wingi wa eosinofili, ndipo faida ikaonekana.

Na hapo kwenye kuchagua ndipo Uganda inapoharibu hesabu za wenzetu. Kwingineko, eosinofili 300 kwa mikrolita ya damu huchukuliwa kuwa dalili kwamba sindano itasaidia. Lakini minyoo na kichocho huamsha interlukini zilezile. Mvuvi wa Koome, visiwa vya Ziwa Victoria, anaweza kuwa na eosinofili tele na asijue pumu ni nini. Kipimo kinachosema kweli London, Ziwa Victoria kinaweza kudanganya. Tena minyoo yenyewe ni kitendawili: Entebbe, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto wa mama waliopewa albendazoli, dawa ya minyoo, wakiwa wajawazito walipata ukurutu, mzio wa ngozi, zaidi, lakini visiwani Koome, miaka mitatu ya kumeza dawa za minyoo kwa wingi haikubadilisha kiwango cha watu wenye mluzi wa kifua. Fumbo hilo halifumbuliwi kwa damu ya Wazungu.

Upande wa pili, wanaotaka tutosheke na inhela za kawaida, hujibu kwa bei, na ni jibu zito. Kwa bei ya Marekani, sindano hizi hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta pumu kwa takriban watu 11 katika kila 100, vijana na watu wazima. Steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe, mara nyingi inhela ya kahawia, hupunguza saitokini nyingi kwa mpigo mmoja. Wapo wachache isiowatosha, ila wengi inawatosha, na tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, hautaki mtu mzima atibiwe kwa ile ya bluu peke yake.

Mimi naelemea huku, ingawa sikubali wanaposema saitokini ni anasa ya maabara. Steroidi haikupi nafuu papo hapo; watu huiacha wakidhani haifanyi kitu. Bila kueleza kinachoendelea ndani kifua kikiwa kimetulia, utamshawishije mtu avute dawa siku asiyoumwa?

Nilijaribu kumweleza yule mama, bila kutaja interlukini hata moja. Alinisikiliza huku akisukuma unga.

"Kwa hiyo, mwanangu, hii ya bluu inafungua dirisha moshi utoke, na moto bado unawaka?"

Nikamwambia ndivyo. Akauliza bei ya ile ya kahawia. Nilipomtajia, alihesabu kimoyomoyo ni roleksi ngapi, kisha akaigeuza chapati.