Mlango umetoka safi, shida ni meza

Kabla hamjanimaliza naomba niongee mwenyewe, maana shemeji yangu kashaposti status eti "fundi katoboa nyumba". Uongo. Nimetoboa meza tu.

Ni jana, ukweni. Choo kina joto, mama mkwe akasema anatafuta fundi amkatie tundu la luva, vile vibao vya kupitisha hewa, chini ya mlango, na mimi jigso, msumeno wa umeme, nimenunua juzijuzi, ningenyamazaje? Nikaung'oa mlango, ule wa flashi wa plaiwudi, nikaulaza juu ya meza ya kulia chakula, chini nimetandika blanketi ili meza isichubuke. (Mnaoanza kucheka mapema, tulieni.)

Kazi niliifanya kisomi jamani. Nikachora na skwea, 40 kwa 20, nikabandika selotepu juu ya mstari maana meno ya jigso yanakata yakipanda, usipobandika, plaiwudi inachanika nyuzi. Halafu drili, biti ndefu ya milimita 12, tundu kila kona ili bledi ipate pa kuingilia.

Sasa hapa ndo msikilize. Tundu la kwanza ukatoka unga mweupe, mweupe, kikafuata kimanyoya cha blanketi, nikakipuliza, halafu ukaanza kupanda unga mwekundu. Mwekundu wa mninga kabisa. Na mimi nimesimama pale na miwani yangu ya kazi nikapaza sauti, "Mama, mlango huu hamkuibiwa, ndani wameweka mninga!" Mama yuko na ungo wake anachambua mchele, akafurahi, "Alhamdulillahi."

Kona zote nne, mninga.

Nikafunga bledi ya sentimita 15, fupi niliiona haina hadhi. Ikaguna, nikajisemea mbao ngumu ndo zilivyo, nikaegemea na kifua. Na mstari ulinyooka wallahi, hata kwenye daftari la shule sijawahi kunyoosha vile. Nikamaliza kona ya mwisho, nikagonga katikati na kiganja.

Pu.

Halafu, pu.

We mlango mmoja unatoa pu ngapi? Nikachungulia kwenye tundu, nikaziona ndala zangu. Sakafuni kipande cheupe, pembeni yake kipande chekundu, vimelingana kama mapacha. Meza hiyo marehemu baba mkwe aliichongesha Tabora akaisafirisha kwa treni.

Mama akaja polepole, ungo mkononi, akachungulia na yeye, akaniuliza kwa upole ule unaoumiza kuliko kofi: "Baba, na hapa nako tunaweka luva?"

Basi bwana. Mke wangu haongei na mimi, meza iko kwa fundi wa kweli, jana usiku tumekula mkekani, shemeji anacheka mpaka anapaliwa na wali.

Ila mlango nimeurudisha, na luva imeingia vile vile bila hata kupiga msasa. Hilo mbona hakulipiga picha?