Haidroliki ya mashindano: nani alimfundisha nani?

Kampuni za magari hupenda kutuambia kwamba fedha zinazomwagwa kwenye mashindano hatimaye hutufikia sisi wenye magari ya kawaida. Kwa breki, sina ubishi mkubwa. Mwaka 1921 Jimmy Murphy alishinda Grand Prix ya Ufaransa, pale Le Mans, akiendesha Duesenberg, gari la Marekani, yenye breki za haidroliki, yaani zinazosukumwa na presha ya kimiminika, kwenye magurudumu yote manne. Mwaka huohuo kampuni ikaanza kuuza gari la barabarani, Model A, lenye breki za namna hiyo. Mwaka 1953 Jaguar C-Type ikashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans kwa breki za diski, ambazo hubana sahani inayozunguka na gurudumu. Breki za drum, zinazobana ndani ya ngoma ya gurudumu, zikipata moto sana hulegea, hivyo dereva wake huanza kupunguza mwendo mbali na kona. Wa Jaguar aliweza kuchelewa kukanyaga, mzunguko baada ya mzunguko, usiku kucha.

Lakini miaka miwili baadaye Citroën wakatoa DS, gari la familia kabisa. Pampu moja ilisukuma mafuta kwenye saspensheni (mfumo unaobeba gari juu ya magurudumu), breki, usukani, klachi na hata gia. Ndiyo, gia! Ferrari 640, gari la Formula 1 lililobuniwa na John Barnard, ambayo dereva alibadilisha gia kwa kugusa vijiti nyuma ya usukani na haidroliki ikafanya kazi iliyobaki, ilishinda mashindano ya Brazil mwaka 1989 mikononi mwa Nigel Mansell: miaka 34 baada ya DS. Walichoongeza watu wa mashindano ni kompyuta na wepesi wa kutisha. Si kidogo, ila si ubunifu wa haidroliki yenyewe.

Na zawadi nyingine huja na bili. Ferrari waliupeleka mfumo huo wa gia kwenye F355, gari lao la barabarani, mwaka 1997, kisha Alfa Romeo 156 ikapata wa kwake, ulioitwa Selespeed. Timu ya mashindano ina mafundi wanaoifungua gia kila mara. Mwenye Alfa ana gereji ya mtaani. Pampu ikichoka au presha ikishuka, gari linaweza kukataa gia njiani, na fundi asiye na kompyuta ya kulisoma atabaki kubahatisha. Baadaye gia za klachi mbili, ambazo klachi moja huachia wakati nyingine inashika, zikauondoa mfumo huo kwenye magari mengi. Vijiti vya nyuma ya usukani vikabaki, hata kwenye magari ambayo wenyewe hawavigusi.

Anayetaka Selespeed iliyotumika aulize kwanza hali ya pampu, na nani ataitengeneza.