Kokotoa Kwanza, Wastani Baadaye

Roho inaniuma kila ninapoona mraba wa ardhi wa kilomita 36 kwa 36 umepewa namba moja ya unyevu wa udongo, kisha uvukizi wa eneo zima, yaani maji yanayopanda hewani kutoka udongoni na kwenye mimea, ukakokotolewa kwa namba hiyo. Humo ndani mna bonde lililolowa na mgongo wa kilima uliokauka hadi kupasuka. Ukivijumlisha kwenye karatasi, ardhini vinabaki vilevile.

Tuseme mimea hunyauka unyevu ukishuka hadi asilimia 10 ya ujazo wa udongo, na ukifika 20 maji yanatosha: kuanzia hapo jua ndilo linaloamua uvukizi, milimita 5 kwa siku. Kati ya 10 na 20, uvukizi hupanda sawia kutoka sifuri hadi 5. Sasa nusu ya eneo ina asilimia 30, nusu ina 6. Wastani ni 18, na modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayotumia namba hiyo moja, inatoa milimita 4. Lakini nusu iliyolowa haipiti 5 hata ikiongezewa maji, na ile kavu haitoi kitu. Jibu sahihi ni 2.5. Milimita 1.5 zimezushwa tu, na kwa eneo la kilomita 10 kwa 10 hizo ni mita za ujazo 150,000 kila siku! Nishati ambayo ingezivukiza, wati 42 na ushee kwa mita ya mraba, kumbe inapasha hewa joto, na utabiri wa joto nao unaharibika.

Kosa hugeuka pia. Robo ya eneo ikiwa na 20 na robo tatu zikiwa na 4, wastani ni 8, na modeli inasema uvukizi ni sifuri. Bonde linaendelea kutoa maji, milimita 1.25 ukizitandaza eneo zima.

Haya, mvua kubwa ikilowesha kila mahali, wastani unatosha. Ukame ukikausha kote, vilevile. Shida ni wiki za katikati, udongo wa kichanga wa mteremkoni ukiwa umeshakauka na mfinyanzi wa bondeni bado unashika maji, na hizo ndizo wiki ambazo mtu anapanga umwagiliaji.

Gaweni mraba kwa aina ya udongo, mwinuko na mimea, hata vipande vinne tu. Kokotoeni uvukizi wa kila kipande, ndipo mchukue wastani kwa kufuata ukubwa wa vipande. Mambo mawili bado yatasumbua. Upepo wa moto kutoka sehemu kavu hupandisha uvukizi kwenye ukingo wa sehemu mbichi kupita zile milimita 5. Na setilaiti huona takriban sentimita 5 za juu tu, ilhali mti hunywa kutoka kina cha mita moja au zaidi. Kwa hiyo kipande chenye miti kipimiwe unyevu wa kina cha mizizi kabla ya kuandikiwa sifuri.